Safari ya Mapango ya Amboni



Umewahi kukaa gizani? Usijibu haraka. Usiku wa kijijini si giza kamili. Hata kama mwezi haupo, nyota zipo, au moto wa jirani unaonekana kwa mbali. Ukikaa kidogo macho huzoea, nawe unaiona njia ya kwenda chooni. Lakini ipo sehemu ambayo macho hayazoei kamwe. Unainua mkono mbele ya uso wako na huuoni. Sehemu hiyo ni ndani ya pango.

Katika somo hili utasafiri kwenda kwenye Mapango ya Amboni, mkoani Tanga. Utajifunza namna ya kuingia pangoni na kutoka salama. Utajifunza pia kwamba mapango yale yalichimbwa na maji, na kwamba kazi ya maji hayo inahusu kisima unachoteka kila asubuhi. Soma polepole. Ukichoka, weka alama, pumzika, kisha endelea.

MAHALI PENYEWE

Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga. Ukitoka mjini unafuata barabara iendayo Horohoro na Mombasa, kisha unaiacha barabara kuu. Kijiji cha Kiomoni kipo karibu, na Mto Mkulumuzi unapita jirani. Mwaka 1963 mapango haya yaliwekwa chini ya Idara ya Mambo ya Kale, kwa sababu ni mali ya taifa zima.

Mapango haya ni mengi. Wapimaji wa Kijerumani na Kituruki waliofika mwaka 1994 walihesabu mapango 10. Wageni huingizwa katika pango moja tu, pamoja na mwongozaji. Hilo moja linatosha. Mtu anayeanza hana haja ya kutafuta mapango mengine peke yake.

Niliwahi kuwapeleka huko wanakisomo wa darasa moja la kijiji. Walikuwa watu 14, wanawake 9 na wanaume 5. Kijiji chao kimekaa juu ya mawe ya chokaa, kama yale yale ya Amboni. Katika somo hili nitakueleza yaliyowapata, pamoja na kosa moja nililofanya mimi mwenyewe.

KABLA YA KUONDOKA

Mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda na saa utakayorudi. Wengi hulisahau jambo hili. Usiporudi, huyo ndiye atakayejua pa kuanzia kukutafuta.

Vaa viatu vinavyokaza mguu. Kandambili hazifai, kwa sababu mawe ya pangoni yana unyevu na yanateleza. Vaa kofia, au jifunge kitambaa kizito kichwani, maana dari la pango halikupigi hodi. Mikono yote miwili iwe huru. Mama mmoja wa darasa letu aliifunga kanga yake kiunoni na kutia vitu vyake vyote ndani yake. Alitembea vizuri kuliko vijana waliobeba mifuko mkononi.

Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo amweleze mwongozaji kabla ya kuingia. Sehemu nyingine hewa yake ni nzito. Siku ya mvua kubwa, ahirisha safari. Pango ni njia ya maji, na maji yakirudi katika njia yake hayamwulizi mtu.

Sasa tuseme juu ya taa. Katika pango taa ni kama maji jangwani. Kila mtu awe na tochi yake, na kundi liwe na tochi za akiba na betri mpya. Usiingie na koroboi wala kijinga cha moto. Moshi wake huharibu hewa, hufukuza popo na kuyatia mawe masizi. Siku hizi watu husema, “Mimi nina taa ya simu.” Simu huishiwa chaji, simu huanguka. Iwe ni akiba, isiwe ndiyo taa yako.

Mimi siku ile nilikuwa na tochi 5 kwa watu 14. Nilidhani zinatosha. Tena sikuzijaribu betri zote. Utaona matokeo yake.

JARIBIO LA GANDA LA YAI

Kabla hatujaingia ndani, tufahamu pango linatokana na nini. Fanya jaribio hili nyumbani au darasani.

Chukua ganda la yai, ulioshe, ulitie katika bilauri. Mimina siki mpaka ganda lifunikwe. Ukikosa siki, tumia maji ya ndimu. Tazama kwa makini. Vipovu vidogo vinatoka juu ya ganda. Liache mpaka kesho yake, ulishike. Limelainika, na pengine limebaki kama ngozi tu.

Ganda limekwenda wapi? Limeyeyuka. Ganda la yai limefanyika kwa kitu kile kile kinachofanya mawe ya chokaa, yaani mawe tunayoyachoma tanuruni ili kupata chokaa ya kupaka nyumba. Maji makali yanaliyeyusha.

Lakini mvua si siki, utasema. Ni kweli. Hata hivyo maji ya mvua yana ukali kidogo sana ambao ulimi hauutambui. Mvua inaposhuka hukutana na hewa iitwayo kaboni dayoksaidi. Ndiyo hewa inayotoka puani mwako unapopumua, na ndiyo inayofanya vipovu katika soda. Mvua hubeba hewa hiyo kidogo. Ikiingia ardhini huikuta kwa wingi zaidi, kwa sababu mizizi ya mimea inapumua na majani yanaoza. Hapo maji huwa makali kiasi cha kuweza kula jiwe la chokaa.

Maji hayo hupenya katika nyufa za mwamba. Leo yanaondoa chembe moja, kesho chembe nyingine. Ufa huwa mfereji mdogo. Mfereji huwa njia. Njia mbili hukutana zikawa chumba. Baadaye mto hushuka chini zaidi, maji yanaondoka katika vyumba vile, na hewa inaingia. Hilo ndilo pango.

Na mawe yenyewe yalitoka wapi? Wataalamu wa miamba wanatuambia kwamba mawe ya Amboni yalifanyika chini ya bahari, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Maganda na mabaki ya viumbe wa baharini yalirundikana, yakagandamizwa, yakawa mwamba. Kwa hiyo ukiwa ndani ya pango unatembea mahali palipokuwa sakafu ya bahari.

TUNAINGIA

Mlangoni mwanga upo bado. Usiupite mlango haraka. Simama kidogo, macho yazoee. Mwongozaji hutangulia. Nyuma kabisa awepo mtu mmoja mwenye taa nzuri, ambaye haruhusiwi kumwacha mtu nyuma yake. Sisi tulimwita “mkia”. Kila mtu hupewa namba yake. Mwongozaji akisema “Hesabu!”, wa kwanza hutamka moja, wa pili mbili, hadi mwisho. Hesabu ikikatika, wote wanasimama.

Baada ya hatua chache mwanga wa nje unakwisha. Sehemu nyingine dari liko juu sana, hata tochi haiangazi vizuri. Sehemu nyingine inakubidi kuinama, au kupita ubavu ubavu. Usikimbie. Weka mguu, uhakikishe umekaa, ndipo uinue wa pili. Ukiona jiwe limelegea mwambie wa nyuma yako, naye amwambie wa nyuma yake.

Juu yako utasikia milio myembamba na kuona kitu cheusi kinaruka. Ni popo. Popo si wachawi wala hawanyonyi damu yako. Popo wetu hula wadudu au matunda, na kwa njia hiyo hupunguza mbu na kueneza mbegu. Lakini usiwashike, usiwatupie mawe, wala usichezee kinyesi chao. Vumbi la kinyesi cha popo linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Tena wapo popo wa mapangoni wanaobeba virusi vya Marburg. Mwaka 2008 mgeni mmoja kutoka Uholanzi alikufa kwa ugonjwa huo baada ya kuingia katika pango la popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Kwa hiyo watazame popo kwa mbali, usile kitu ukiwa ndani, na unawe mikono kwa sabuni mara utokapo.

Sasa nitakueleza kosa langu. Tulikuwa tumefika mahali njia inapogawanyika. Mwongozaji alishika njia ya kulia, sisi tukamfuata. Mwongozaji akasema, “Hesabu!” Tukahesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja. Baada ya hapo kimya.

Tukaita. Sauti zikajibu, lakini ndani ya pango sauti hugonga ukuta huu ikarudi kwa ukuta ule. Hatukuweza kujua zinatoka upande gani. Mwongozaji alituamuru tusitikisike. Akarudi peke yake na taa mbili. Sijui alichukua dakika ngapi. Kwangu zilikuwa nyingi sana, na moyo wangu ulikuwa unanipiga kama ngoma.

Aliwakuta watatu wetu wameketi chini, nyuma ya pale njia ilipogawanyika. Tochi ya mkia ilikuwa imezimika. Ilikuwa ndiyo ile yenye betri za zamani ambazo mimi sikuzijaribu. Kijana mmoja alitaka kupapasa ukuta aende mbele. Mama aliyekuwa naye akamshika shati akamketisha. Alimwambia, “Tumeambiwa taa ikizimika tukae. Kaa.” Kisha akaanza kuhesabu kwa sauti ili asiogope. Alipofikiwa alikuwa amefika 187. Mama huyo alipoanza kisomo hakuweza kuhesabu kupita 20.

Kama kijana angeingia njia ya kushoto, tungemtafuta siku hiyo nzima. Kwa hiyo shika neno hili moja hata kama utasahau mengine yote ya ukurasa huu. Taa ikizimika, au ukiona uko peke yako, keti ulipo. Usitafute njia. Subiri wenzako wakufuate. Ita kwa kitambo, kisha nyamaza usikilize.

Tulibadilisha betri, tukamweka mwenye tochi bora kuwa mkia, tukaendelea.

MAWE YANAYOKUA

Katika vyumba vya ndani utaona mawe yaliyoning’inia kutoka darini kama matiti ya mbuzi, na mengine yamesimama sakafuni kama vinu vilivyopinduliwa. Ya juu huitwa stalaktiti, ya chini huitwa stalagmiti. Majina haya ni magumu, lakini kazi yake ni rahisi.

Umeliona birika la chai lililotumika miaka mingi kwa maji ya kisima cha mawe ya chokaa. Ndani yake limefanya ukoko mweupe. Ukoko ule ni jiwe lililokuwa limeyeyuka ndani ya maji. Pangoni mambo ni hayo hayo, ila bila moto. Tone la maji linapotokea darini linapoteza ile hewa ya kaboni dayoksaidi. Likiipoteza, haliwezi tena kubeba jiwe lote lililoyeyuka. Linaacha chembe darini. Likidondoka, linaacha chembe nyingine sakafuni. Jiwe la juu linashuka, la chini linapanda. Yakikutana yanakuwa nguzo.

Waongozaji wa Amboni hupenda kuwaonyesha wageni maumbo. Hili mamba, lile tembo, kule Bikira Maria. Mimi naona mengine yanahitaji macho ya kupewa. Lakini ni mchezo mzuri, na wanakisomo wangu walicheka sana. Mama mmoja aliliona jiwe akasema ni mkwe wake anapokataa kula.

Mzee mmoja wa darasa letu hakucheka. Aliuliza jiwe moja kubwa lina umri gani. Tulilihesabu hapo hapo. Nawe hesabu pamoja nasi.

Mawe ya namna hii hukua polepole mno. Kwa kawaida hayafiki hata milimita 1 kwa mwaka. Mengi hukua kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Tuseme basi milimita 1 kwa miaka 10. Sentimita 1 ina milimita 10, kwa hiyo ni miaka 100. Jiwe letu lilikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, kama sentimita 40. Sentimita 40 mara miaka 100 ni miaka 4,000. Hii ni hesabu ya kukisia, maana jiwe moja hupata maji mengi na jingine machache. Lakini inakupa picha.

Mzee akanyamaza. Kisha akatazama ncha za mawe zilizovunjwa na wageni ili wapate cha kupeleka nyumbani, akatikisa kichwa.

Usivunje mawe hayo. Usiyashike pia. Mafuta ya mkono wako hubaki juu ya jiwe, na maji yakija hayawezi kuacha chembe vizuri. Jiwe linachafuka rangi na kuacha kukua. Na jambo jingine, ndugu mwanakisomo. Mtu aliyejifunza kuandika karibuni hupenda kuona jina lake kila mahali. Naelewa, hata mimi nilikuwa hivyo. Lakini walioandika majina yao katika kuta za mapango walijua kusoma na kuandika vizuri sana, na ndio walioharibu. Jina lako liandike katika daftari.

JE, PANGO LINAFIKA MOMBASA?

Ukikaa na watu wa Tanga utasimuliwa kwamba pango la Amboni linafika Mombasa. Wengine wanasema linafika mlima Kilimanjaro. Wanasimulia juu ya Wazungu walioingia na mbwa wakapotea, na mbwa akaonekana baada ya siku nyingi huko Kilimanjaro, amekonda. Tena wanasimulia juu ya Osale Otango na Paango, watu waliosakwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950, ambao walijificha katika mapango haya.

Mzee wetu aliijua hadithi ya mbwa tangu utoto. Aliniuliza kama ni kweli.

Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilimwonyesha namna pango linavyopimwa. Wapimaji hawatumii taa peke yake. Hutumia utepe wa kupimia, dira na daftari. Mtu mmoja anashika mwanzo wa utepe, mwingine anakwenda nao mpaka pale njia inapopinda. Wanasoma urefu, wanasoma dira inaelekea wapi, mtu wa tatu anaandika. Wanahamia kwenye kipande kinachofuata. Wakitoka nje wanajumlisha namba zote na kuchora ramani.

Hivyo ndivyo walivyofanya wale wapimaji wa mwaka 1994. Pango refu kuliko yote walilolipima lilikuwa na mita 900. Haifiki kilomita 1. Sasa linganisha. Kutoka Tanga hadi Mombasa, hata ndege akiruka moja kwa moja, ni zaidi ya kilomita 100. Kilimanjaro ni karibu kilomita 300.

Mzee alifikiri, kisha akasema, “Basi mbwa yule alipita barabarani.”

Hatukumcheka. Hadithi zina kazi yake, na hii imewaonya watoto wengi wasiingie pangoni peke yao. Lakini mtu anayetaka kujua urefu wa pango achukue utepe.

Neno moja kuhusu heshima. Katika mapango haya kuna sehemu ya mzimu. Watu wa eneo hilo wamekuwa wakienda kutambika tangu zamani, na wapo akina mama wanaokwenda kuomba watoto. Ukikuta sadaka usiiguse wala usiicheke. Kama dini yako inakukataza kutambika, pita kimya kama unavyopita mbele ya nyumba ya ibada ya mwenzako.

MAJI YANATOKA WAPI?

Tulipumzika katika chumba kimoja, tukazima taa zote makusudi kwa dakika moja. Ndilo giza nililokuambia. Hakuna aliyesema neno. Tulisikia kitu kimoja tu. Maji yalikuwa yanadondoka.

Taa zilipowashwa, yule mama aliyehesabu mpaka 187 aliuliza, “Maji haya yanatoka wapi?”

Nikasema, “Juu. Ni mvua iliyonyesha juu ya kichaka kile tulichokipita.”

“Huko juu kukiwa na choo?”

Nikasema kwamba kilichomo chooni nacho kingeshuka na maji.

“Na kijijini kwetu mawe ni haya haya.”

“Ni ya namna hii hii.”

Akawatazama wenzake. Mwaka ule kijiji chao kilikuwa kimepata ugonjwa wa kuhara mara mbili, na watoto wawili walikuwa wamefariki. Watu walilaumu maembe mabichi. Siwezi kukuambia kwamba kisima ndicho kilichowaua watoto wale, maana maji hayakupimwa. Lakini wanakisomo walianza kuulizana mambo ambayo hawakuwahi kuulizana.

Fahamu tofauti hii, ndugu msomaji. Mahali penye mchanga au udongo mzito, maji ya mvua hushuka polepole. Udongo unayachuja kama kung’uto linavyochuja tui. Vijidudu vingi hukwama njiani na kufa kabla maji hayajafika kisimani. Mwamba wa chokaa hauchuji. Una nyufa na mifereji kama ile uliyoiona pangoni, ila myembamba zaidi. Uchafu ukiingia juu unaweza kushuka hadi kisimani kwa muda mfupi, nao hauna kitu cha kuuzuia. Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado yakabeba kipindupindu au homa ya matumbo. Jicho halivioni vijidudu.

Kwa sababu hiyo, ukiishi penye mawe ya chokaa, kwanza chunguza mashimo yanayomeza maji ya mvua. Utayaona wakati wa masika. Maji yanakusanyika, yanazunguka, yanapotea ardhini. Shimo kama hilo ni mlango wa kisima chako. Usitupe humo mzoga, takataka, makopo ya dawa za mimea wala betri zilizokwisha.

Pili, kabla ya kuchimba choo au kisima, mwite bwana afya au bibi afya, na mtaalamu wa maji wa wilaya kama anapatikana. Watu wengi wanajua kwamba choo kiwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, tena kiwe upande wa chini. Katika mawe ya chokaa mita 30 huenda zisitoshe, kwa sababu ufa mmoja unaweza kuzipita zote. Pengine itafaa choo kifupi kilichojengewa ndani kwa matofali na saruji, kiwe kinazolewa, badala ya shimo refu linalofika kwenye nyufa.

Tatu, chemsha maji ya kunywa. Yachemke hasa, yatoe mapovu makubwa kwa dakika moja au zaidi, kisha yafunikwe katika chombo safi. Kuni ni kazi, najua. Ukipata dawa ya kutibu maji, soma maelezo yake mwenyewe. Sasa unaweza.

BAADA YA SAFARI

Tulitoka pangoni tukiwa 14. Tulihesabu mara mbili. Jua lilitupiga machoni tukakaa chini ya mti, tukanawa mikono, tukala.

Darasa lilipokutana wiki iliyofuata, somo halikuwa kusoma. Wanakisomo walizunguka kijiji na kamba yenye fundo kila mita 1. Walipima kutoka kisimani hadi kila choo kilichokuwa karibu, wakaandika. Choo kimoja kilikuwa mita 11 tu kutoka kisimani, nacho kilikuwa cha mwanakisomo mwenzao. Huyo alikasirika, akasema babu yake alichimba hapo na hakuna aliyekufa. Wiki mbili hakuja darasani.

Waliona pia shimo moja nyuma ya shamba la mihogo. Watu walikuwa wakitupa humo taka kwa miaka mingi na kushangaa kwamba halijai. Mzee wa hadithi ya mbwa ndiye aliyetangulia kulieleza. Alisema, “Halijai kwa sababu lina njia.” Walilizungushia uzio wa miti. Bibi afya alikuja na kushauri choo cha mita 11 kihamishwe. Mwenyewe alirudi darasani mwezi uliofuata, akaomba wenzake wamsaidie kuchimba upande wa chini. Walimsaidia siku tatu. Siku ya nne ilikuwa ya mnada, hawakutokea, akamaliza mwenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

Kwa nini kijana aliyezimikiwa na taa hakupaswa kupapasa ukuta?

Jiwe la pangoni lina sentimita 25. Kama linakua milimita 1 kwa miaka 10, limechukua miaka mingapi?

Kijijini kwenu, shimo gani humeza maji ya mvua? Nani hutupa nini humo?

Tengenezeni kamba yenye fundo kila mita 1. Pimeni kutoka kisimani hadi choo kilicho karibu kuliko vyote. Andikeni namba hiyo hapa: mita ............